Mbuzi wa Iliki

Niliuza iliki sokoni Ujiji miaka mingi kabla sijauona mmea wake kwa macho. Hilo halikunizuia kuueleza. Mteja akiuliza inaota wapi, nilimjibu bila kupepesa kwamba inaota juu ya mti mrefu kama karafuu, na wavunaji wanaipandia kwa ngazi, ndiyo sababu bei yake haishuki. Ngazi ile ilinisaidia sana. Mtu akishasikia kuwa kuna binadamu mwenzake ananing'inia hewani kwa ajili ya chai yake, anaona haya kubishana.

Iliki yenyewe ilinifikia kwa treni, kutoka milima ya mbali huko mashariki, ikashuka stesheni ya Kigoma imechoka kuliko abiria. Niliichambua: za kijani huku, zilizopauka kule, zilizopasuka na kumwaga mbegu kando kabisa, zisubiri mteja aliyesahau miwani nyumbani. Kisha nilizihesabu, nikazifunga kwenye vikaratasi vya madaftari ya shule, nikafungua kimoja kimoja nikahesabu tena. Bizari unaweza kuipima kwa kijiko na mdalasini ukauvunja kwa mkono, lakini iliki ni ya kuhesabu. Ni kitu kidogo chenye majivuno makubwa.

Jina lake lilinisumbua kidogo. Wapo watu wa Pwani wanaosema hiliki. Mwenye duka wa Kihindi jirani na soko aliiita ilaichi, akadai sisi ndio tuliolikata jina mkia. Mimi ni Muha, nimetokea Kasulu, na kwetu milimani haikuwa na jina kabisa kwa sababu haikuwepo; kitu kisichokuwepo hakina haja ya kuitwa. Niliwauliza wengi jina lina maana gani, nikajibiwa iliki ni iliki. Nadhani lilikuja limefungwa pamoja na mzigo, na aliyepokea mzigo akapokea na jina lake bila kulikagua.

Ila pale Ujiji iliki ilikuwa na maana nyingine, na hiyo kila mtu aliijua. Mwanamke akipita mtaani ameshika kikaratasi changu, walioketi barazani walisema, "Huyo ana mgeni." Chai ya nyumbani inanyweka kwa majani na sukari. Chai ya mgeni lazima inukie mpaka nje, ili na wasioalikwa wajue wamekosa nini. Iliki iliingia kwenye pilau, kwenye maandazi, kwenye uji wa mzazi ambaye tumbo linakataa kila kitu. Wazee waliitia kwenye kahawa. Vijana waliinunua moja moja, jioni, kwa aibu, wakaitafuna wakiwa njiani kwenda ukweni. Dagaa wa Kigoma ni sifa ya mkoa mzima, lakini si pumzi ya kwenda nayo ukweni.

Miaka hiyo nilipanga chumba kwenye nyumba ya bibi mmoja, mjane, mzaliwa wa Ujiji toka enzi za babu wa babu yake, na hakuacha mtu asahau. Tulimwita Bibi tu. Chumba cha pili alikaa bwana shamba, kijana wa Kisukuma aliyehamishiwa Kigoma na serikali, mtu mpole, mlokole, aliyejua pamba kwa kila hali na alikuwa amefika mahali pasipo na pamba. Chumba cha mwisho, kilichopakana na bafu la uani, kilikuwa kitupu mpaka ilipokuja miaka ya wakimbizi.

Boti zilikuwa zinashusha watu Kibirizi wakati ule kama zinavyoshusha dagaa. Wengi walipelekwa kambini. Wenye ndugu mjini walijibanza kwa ndugu. Huyu mgeni wetu alikuwa na undugu na marehemu mume wa Bibi, undugu ambao ukiufuata kwa kidole unapita kwa shangazi wawili na talaka moja, lakini ulifika. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, ametoka Rumonge, upande wa Burundi, kwa wale Waswahili wa ziwani. Alipita Kagunga, mpakani, akapanda boti, akaingia uani kwetu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, mfuniko umefungwa kwa kitenge.

Sote tuliangalia ile sufuria. Mtu akivuka mpaka na sufuria iliyofungwa namna ile, unategemea nyama. Alipofungua tulikuta tope, na ndani ya tope vinundu vya mizizi kama tangawizi iliyozeeka, na vichipukizi viwili vya kijani.

"Ni iliki," alisema.

"Iliki ni mti, dada yangu," nilimwambia kwa upole, maana alikuwa amechoka. "Mrefu. Kama karafuu."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ni muuza iliki."

"Na mimi ni mpanda iliki," alisema, akaniuliza maji ya bafu yanatokea upande gani.

Tuliongea Kiha changu na Kirundi chake, lugha mbili za tumbo moja, na Kiswahili cha kuzibia matundu. Hivyo ndivyo nilivyojua habari za ile sufuria. Mizizi ilikuwa ya mama yake, na kabla ya mama yake ilikuwa ya bibi yake. Uwanja ilipoota ulikuwa umeungua pamoja na nyumba, na kichaka chote kilichobaki ni hicho tulichokiona kwenye tope. Mama mwenyewe alikuwa mzima, amehifadhiwa na ndugu milimani, juu ya Rumonge. Miguu yake ilikataa safari. Alimpa binti sufuria akamwambia atafute kivuli na maji. Baadaye wachuuzi waliovuka Kagunga walianza kuleta salamu zake, na salamu zilianza na mmea. "Mama anauliza, imeshika?" Ukiwa na subira, mwishoni kabisa, aliuliza na binti yake hajambo.

Aliipanda chini ya migomba, nyuma ya bafu, pale maji yanapotoka. Bibi hakuwepo; alikuwa Ilagala kwa binti yake. Aliporudi, alisalimiwa, akavua viatu, akazunguka uwanja wake kama kawaida, na alipofika kwenye migomba akasimama.

Hapa lazima nieleze sheria, maana si ya Bibi peke yake. Mtu aliyekaribishwa kwenye kiwanja cha mtu anaweza kupanda mchicha, bamia, hata mahindi machache. Hapandi mwembe. Hapandi mchikichi. Kitu kinachokaa ardhini mwaka baada ya mwaka kinaweka mguu, na siku moja mjukuu wa mpangaji anakuja na mashahidi kuuliza mpaka uko wapi, kwani si mnaona mti wa babu. Bibi alikuwa na mfano mmoja wa mchikichi ambao aliusimulia kila mwaka, na kila mwaka ule mchikichi uliongezeka urefu.

"Hiki kinazaa lini?" alimuuliza mgeni wetu.

"Mwaka wa tatu, Bibi."

"Mwaka wa tatu." Bibi alilirudia neno hilo kama anayeonja mchuzi uliozidi chumvi. "Basi ni mti. King'olewe kabla ya Ijumaa. Wewe kaa, chumba ni chako, wewe ni mkwe wetu. Lakini mti wako hapana."

"Bibi, nikiing'oa tena itakufa. Nimeshaihamisha mara mbili njiani. Na hakuna kwingine penye kivuli na maji."

"Ijumaa," alisema Bibi.

Yule mwanamke hakubisha. Alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha chumba chake, mtoto mapajani, akaangalia upande wa migomba. Mimi nimezaliwa na ugonjwa mmoja: siwezi kuona bei imetajwa na mtu akaikubali. Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilichemsha chai, nikatia iliki ya kweli, ile ya kijani, nikaipeleka kwa Bibi barazani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani mgeni?"

"Hakuna mgeni."

"Basi unataka kitu."

Nilimwambia iliki si mti. Ni ndugu wa tangawizi, haina gogo, haina tawi, kuku anaweza kuipita juu. Aliniuliza kwani si mimi niliyekuwa nikiwaambia watu habari za ngazi. Nikaona tumhusishe mtaalamu. Bwana shamba aliitwa kutoka chumbani kwake, akaja na mswaki mkononi, akainama nyuma ya bafu, akashika jani, akalinusa, akafikiri kwa heshima zote.

"Si mti," alisema.

"Umesikia, Bibi," nilisema.

"Lakini ni zao la kudumu."

"Umesikia na wewe," alisema Bibi.

Akarudi kupiga mswaki, akatuacha kila mmoja ameshinda. Huo ndio ubaya wa wataalamu wakweli.

Alhamisi ilifika. Nilikuwa nimekaa na yule mwanamke tunachambua dagaa, yeye akisema afadhali aitoe mwenyewe kwa mikono kuliko kuona inapigwa jembe, nikakumbuka mbuzi. Kwetu milimani, mtu mwenye mbuzi asiye na malisho anampeleka kwa mwenye malisho. Kuna masharti, kila mtoto anazaliwa nayo. Mbuzi anabaki wa mwenyewe. Maziwa ni ya mfugaji. Mtoto wa kwanza ni wa mwenye mbuzi, wa pili ni wa mfugaji, na kuendelea hivyo hivyo. Mbuzi akifa, mfugaji anapeleka ngozi, ionekane kuwa amekufa kweli na hakuliwa kwenye harusi. Na jambo kubwa kuliko yote: haijapata kutokea, Buha wala Burundi, mbuzi aliyefungwa uani kwa mtu akadai kiwanja.

"Tuifanye mbuzi," nilimwambia.

Aliacha kuchambua. "Iliki?"

"Umeileta kwenye sufuria. Hata mbuzi huja na kamba."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, kisha akawa makini sana, kwa sababu Warundi na Waha hatutanii na mambo ya mifugo. "Na maziwa?"

"Majani. Si yananukia?"

"Yananukia."

Tukaenda kwa Bibi sote wawili, bwana shamba akiwa shahidi. Nilieleza masharti moja moja, nikarudia. Bibi alisikiliza ameshika tama. Watu wa Ujiji ni watu wa boti na biashara, hawafugishani mbuzi, lakini mume wake alikuwa na damu ya ng'ambo na desturi aliijua.

"Kwa hiyo mimi nimefungiwa mbuzi."

"Ndiyo, Bibi."

"Mbuzi wake, malisho yangu."

"Na maziwa yako."

"Na hakuna kitu kilichopandwa hapa."

"Hakuna kilichopandwa, Bibi. Kimefungwa tu."

Alitafuta tundu kwenye mapatano yale kwa muda mrefu, na alipolipata alifurahi. "Mbuzi tasa hafugwi," alisema. "Masika ya tatu yakiisha hajazaa, namtoa. Nisije nikasikia kilio."

Mgeni wetu aliangalia chini, akakubali. Tukapeana mikono. Bwana shamba, ambaye ni mtu wa kumbukumbu za ofisini, aliuliza kama tuandike, tukamwambia mbuzi haandikwi.

Tangu siku hiyo nyumba nzima iliita mmea ule mbuzi, bila kucheka. "Mbuzi kanywa?" "Nani kamwaga maji ya sabuni kwa mbuzi?" Mtoto wa yule mwanamke alipojifunza kuongea alimwonyesha mgeni mmoja wa Bibi migomba akamwambia yule pale ni mbuzi wetu, na yule mgeni akamwombea mtoto. Mbuzi alishika. Mwaka wa kwanza alifika kiunoni, mwaka wa pili alinipita. Majani yake marefu ukiyasugua yalinuka iliki kwa mbali, kama iliki iliyopita hapo jana. Bibi alikamua bila huruma. Alitia jani kwenye chai, akafunikia wali kwa majani, akawagawia na majirani. Nilikuwa nikihesabu majani jioni na kuyahesabu tena asubuhi, na hesabu hazikupatana.

"Bibi, mbuzi amekamuliwa usiku."

"Labda kuna chatu anayemnyonya," alisema Bibi, na nyumba yake yote inanukia.

Masika ya tatu yalianza. Salamu za mama kutoka ng'ambo zilibadilika, sasa aliuliza, "Imezaa?" Binti alijibu bado. Kila asubuhi nilienda nyuma ya bafu kuangalia juu, kileleni, kwenye ncha za majani, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angetegemea tunda. Hakuna. Mvua zilinyesha vizuri, migomba ilinenepa, mbuzi akawa kichaka kizima, lakini tunda hakuna. Bibi alianza kupita karibu na mbuzi akiwa na jembe. Alipita nalo tu, huku na huku, kama mtu anayemtembeza mwali.

Mgeni wetu alikuwa haoni mengi, kwa sababu hakuwepo mchana. Aliondoka alfajiri kwenda Kibirizi kuanika dagaa kwa wenye mitumbwi, akarudi jua likiwa limeinama, amechoka, akamwagilia kwa ndoo gizani na kulala. Alisema kwa mama yake ilikuwa ikizaa masika ya tatu bila kukosa, na huenda udongo wa huku ndio haukubali. Mara ya kwanza alisema hivyo kwa hasira. Mara ya mwisho alisema taratibu, akiwa anafua, na nikajua ameanza kuaga.

Sasa niseme habari ya uwanja. Uwanja wa Bibi ulifagiwa kila siku ya Mungu, kabla ya mtu kunywa chai. Tulikuwa na zamu, isipokuwa mgeni wetu, ambaye saa hizo alikuwa ameshaondoka. Si kufagia kwa kuondoa taka tu. Ni kufagia mpaka ardhi ibaki na mistari ya fagio la chelewa, kama nywele zilizochanwa. Kila kijani kilichotambaa kilifyekwa, kila jani la mgomba liliburutwa, na nyuma ya bafu ndipo Bibi alipopakagua zaidi, kwa sababu wanawake wakija kupika kwenye shughuli hupitia mlango wa uani, na kitu cha kwanza wanachotazama ni ardhi. Uwanja ule ulisifika mpaka Mwanga, Kigoma mjini.

Siku moja karibu na mwisho wa masika, mgeni wetu alipata homa, hakwenda Kibirizi. Ilikuwa zamu yangu. Nilifagia kama kawaida, nikafika kwa mbuzi, nikaburuta majani yaliyooza shinani na vile vikamba vyembamba vilivyokuwa vikijitokeza kila mara na kutambaa juu ya ardhi. Tulikuwa tunavidhani mizizi iliyopotea njia. Nilivikata kwa ncha ya panga, nikavisukuma kwenye lundo.

"Dada, simama hapo."

Alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge mpaka masikioni. Alikuja polepole, akachuchumaa kwenye lundo la takataka, akavuta kikamba kimoja kama anayetoa uzi kwenye nguo. Kilikuwa na pingili ndogo ndogo, na kwenye pingili moja palikuwa na ua jeupe, dogo, lenye ulimi uliochorwa mistari ya zambarau. Aliliweka kiganjani.

"Mnafagia hivi tangu lini?"

"Tangu nihamie nyumba hii."

"Na hapa shinani?"

"Hapo hasa. Bibi anapakagua."

Alikaa chini, kwenye tope, akiwa na homa yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akatoka ndani kuangalia. "Iliki haizai juu," alisema alipopata pumzi. "Inazaa huku, chini, kwenye hivi vikamba. Maua yanalala ardhini. Dada, mbuzi anazaa kila siku, na nyinyi mnafagia watoto."

Niliangalia juu, kule nilikokuwa nikitazama masika yote. Kisha nikaangalia chini. Ngazi yangu ilianguka hapo hapo.

Tulichambua lundo lote, tukarudi shinani tukainua majani. Vilikuwa vimebaki vikamba vichache upande wa ukutani, mahali fagio halikufika vizuri. Viwili vilikuwa na maua. Kwa hiyo tulihitaji vitu viwili kutoka kwa Bibi: muda, maana ua mpaka tunda ni miezi, na masika yalikuwa yanaisha, na, kibaya zaidi, tulihitaji asifagie.

Muda aliutoa bila taabu. Mbuzi mwenye mimba si tasa, alisema, hilo analielewa. Kufagia ndiko kulikomkaba.

"Nimefagia uwanja huu tangu nilipoolewa," alisema. "Mama mkwe wangu aliufagia mpaka siku ya kufa kwake. Na nyinyi mnataka niache majani yaoze hapo, nzi watue, wake za watu waje waone?"

"Bibi, mbuzi akizaa zizi halifagiwi siku hiyo," nilisema. "Unaogopa kumkanyaga mtoto."

"Ni desturi hiyo?"

"Kwetu ni desturi." Ilikuwa na umri wa pumzi moja, lakini kila desturi ilianza siku fulani.

Mgeni wetu alikuwa amesimama na ua lake kiganjani, amelikinga kwa mkono mwingine kama mshumaa. Bibi aliliangalia lile ua kwa muda.

"Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie ni makusudi."

"Makusudi yanaonekanaje? Takataka ni takataka."

Hapo bwana shamba alilipia miaka yake yote ya kukosa pamba. Alisema serikalini, kitu kikizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, hakuna anayeuliza tena. Watu wanajua kuna mpango. Jumamosi alileta mawe, akayapanga duara kuzunguka mbuzi, akayapaka chokaa kwa ufagio wa zamani. Ndani ya duara majani yaliachwa yaoze. Nje ya duara Bibi alifagia mara mbili zaidi ya zamani, ili tofauti isimame.

Lilipendeza, ila hatukufikiri jinsi linavyoonekana. Wiki ile jirani alikuja kuazima kinu. Alipita uani, akaona duara jeupe, dogo, kimya, chini ya migomba. Alisimama, akashusha ushungi, akamshika Bibi mkono.

"Poleni sana. Hata hamkutuambia. Ni nani?"

"Ni mbuzi," alisema Bibi.

Yule mama alimwangalia kwa huruma kubwa zaidi, akaondoka bila kinu. Kwa siku kadhaa tulipokea pole. Bibi mwishowe alichoka kueleza, akawa anazipokea tu.

Matunda yalikuja kiangazi, pole pole, vifuko vya kijani vyenye pembe tatu, vimekaa kwenye vikamba karibu kabisa na udongo, kama vinaogopa kuonekana. Bibi ndiye aliyekuwa mlinzi. Aliweka kigoda nje ya duara, akafukuza kuku, akafukuza watoto, akanifukuza na mimi nilipokuja kuhesabu mara ya tatu. Kwa mama wa ng'ambo salamu zilipelekwa: mbuzi ana mimba, subiri. Jibu lilikuja na mchuuzi wa sabuni: mama kasema msimguse mpaka atakapoachia mwenyewe.

Siku ya kuvuna mgeni wetu alivuna mwenyewe, amepiga magoti ndani ya duara. Zilianikwa kwenye ungo juu ya banda la kuku, Bibi akikaa chini ya banda. Zilipokauka tulikaa barazani kwa Bibi kugawana, kwa masharti ya mbuzi: moja ya mwenye mbuzi, moja ya mfugaji. Hazikuwa nyingi. Zingetosha vikaratasi vyangu vitatu, vya mteja mchoyo. Nilizihesabu, zikawa shufwa, zinagawanyika sawa. Nikahesabu tena, kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu. Zikawa witiri.

"Imepungua moja," nilisema.

Bwana shamba alionyesha viganja. Mtoto alionyesha viganja. Bibi alikuwa ameangalia barabarani, midomo imefungwa, na baraza nzima ilianza kunukia.

"Bibi," nilisema.

Alitafuna taratibu mpaka akamaliza. "Nimefuga miaka mitatu," alisema. "Lazima nijue nilichokuwa nafuga." Kisha aliusukuma ungo wote kwa mgeni wetu, fungu la mfugaji na fungu la mwenye mbuzi. "Mpelekee mama yako. Mwambie ni kali kuliko ya huyu muuzaji wetu. Ya kwangu nitakula mwakani."

Yule mwanamke aliupokea ungo kwa mikono miwili, akaupakata. Alitaka kusema kitu, Bibi akamkatiza. Alisema kichaka kimebanana, machipukizi ya pembeni yanakosa hewa, na kule nyuma ya jiko kuna kivuli kizuri ambacho hakina kazi.

"Chukua jembe ukachimbe kule, ukapande mengine."

"Bibi, nikayafunge kule, kwa masharti yale yale?"

"Nimesema ukachimbe," alisema Bibi, akiwa tayari anainuka kwenda kuonyesha mahali penyewe. "Mbuzi gani anachimbiwa shimo?"